Mstari Kwenye Mkono wa Kushoto

Siku tano za wiki napiga picha za mifupa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiniona na kamera mbili shingoni hudhani ndiyo kazi inayonilisha, wakaanza kuniulizia habari za harusi. Kazi inayonilisha iko hospitalini, chumba cha eksirei, ambako mteja wangu huja amevaa gauni la kufungwa mgongoni na hana hamu ya kutabasamu. Jumamosi ndiyo siku yangu. Jumamosi huchukua kamera, kofia na chupa ya maji, nikaenda kusimama mbele ya wanaume wazima waliovaa mawigi, wakipiga nyimbo za bendi zilizovunjika kabla wao hawajajua kutembea.

Bendi hizo hazitungi kitu. Wanachagua bendi moja ya roki ya zamani, wanaiga kila pigo la gitaa, kila suruali ya kubana, kila mrusho wa nywele, na ole wao wakikosea hata mahali pa kupiga chafya. Mara nyingi hualikwa kwenye maonesho ya magari, yale magari ya zamani ambayo mafundi huyakata, huyapandisha, huyashusha na kuyapaka rangi mara kumi na mbili mpaka ukiinama unajiona meno. Mume wangu anasema nimechelewa kubalehe. Yeye Jumamosi hukaa nyumbani kutazama timu inayofungwa kila wiki, kwa hiyo sioni anapata wapi ubavu wa kunicheka.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotufikisha tulikofika. Picha ya eksirei haiguswi. Ukiona mstari unauacha, daktari auone na aamue. Ukiufuta unafukuzwa kazi, tena kwa haki. Lakini picha ya gari la maonesho lazima isafishwe. Rangi ile inang'aa kupita kiasi na inanasa kila kitu: vumbi, unywele, nyaya za umeme za barabarani, hata sura yako wewe mpiga picha umekunja uso. Ukimpelekea mwenye gari picha yenye unywele juu ya boneti, atakununia kama umemtukania mama. Basi kila Jumapili nakaa mezani na kompyuta, nakuza picha, nafuta. Unywele, futa. Waya, futa. Miaka tisa sasa.

Mdogo wangu anaitwa Nati. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila tangu alipomeza nati ya baiskeli akiwa na miaka minne, tukakesha siku mbili tukingoja itoke, hakuna anayelitumia. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mzuri kuliko anavyojua, na anajua sana. Kwa miaka mitatu alikuwa akiligeuza lori la taka kuukuu kuwa jukwaa la muziki. Lile lori lilikuwa na mikono miwili ya chuma nyuma, ile iliyokuwa inanyanyua mapipa ya taka na kuyamwaga. Nati aliacha mikono ileile, akairefusha, akafunga juu yake jukwaa la mbao na chuma ambalo bendi nzima inaweza kusimama. Unavuta mpini, mafuta yanasukuma, na bendi inapaa juu ya vichwa vya watu kiasi cha mita tatu. Rangi yake zambarau na fedha. Akaliita Bibi Harusi. Mimi nilimwambia bibi harusi huyu bado ananuka maganda, naye akanirushia tambara la grisi.

Kutaniana huko kuliwahi kukatika. Miaka miwili nyuma, kwenye maonesho kama haya, niliona ufa kwenye fremu ya gari lake jekundu. Sikumvuta pembeni kumwambia. Nilipaza sauti mbele ya watu, kama kawaida yangu, na Mkaguzi wa maonesho akalitoa gari kwenye mstari wa magari. Nati aliikata ile fremu mbele ya wenzake karakana. Chuma kilikuwa kizima. Nilichokiona kilikuwa mpaka wa rangi mbili. Nati hakunisemesha miezi saba. Alikuwa anakuja kwa mama, ananikuta, anakunywa chai yake amesimama na kuondoka. Mwishowe mama alitukalisha kitako sebuleni, akafunga mlango, akatia ufunguo ndani ya blauzi, akasema hafungui mpaka asikie tunacheka. Tulitoka baada ya saa mbili. Nati alikuwa na sharti moja: nipige picha tu, mambo ya chuma nimwachie yeye. Nikaapa.

Ndiyo maana aliponiomba nimpigie Bibi Harusi picha za kupeleka kwa Mkaguzi, niliona nimesamehewa. Utaratibu wa maonesho yale ni huo: gari lenye sehemu zinazonyanyuka halikubaliwi mpaka mwenyewe apeleke picha kumi na mbili za karibu, kila kiungo, kila bolti. Mkaguzi anazitazama mezani kwake kwa kioo cha kukuzia, anazichapisha, na siku yenyewe anazunguka gari nazo mkononi akilinganisha. Vikilingana, anatia sahihi. Nilizipiga karakana kwa Nati Jumamosi, nikazisafisha Jumapili. Kwenye picha ya saba, chini ya mkono wa kushoto, kulikuwa na mstari mwembamba juu ya rangi. Nikasema unywele. Nikaufuta, nikazituma.

Wiki mbili baadaye tulikuwa uwanjani. Tangu asubuhi jua lilikuwa kali na watu wamejaa. Nati alifanya majaribio matatu, bendi ikiwa juu, yeye akiwa chini ameshika mpini. Mpini ule uko palepale ulipowekwa na kiwanda, katikati ya ile mikono miwili, chini kabisa ya kinachopanda. Zamani kilichopanda kilikuwa pipa la taka. Sasa kilikuwa wanaume wanne, ngoma na maspika. Alikuwa amepanga kuuhamishia pembeni lakini muda ulimbana. Nilimpiga picha nyingi akiwa hapo, kichwa kimeinuliwa, anacheka, jukwaa limening'inia juu yake.

Bendi ilikuwa ipande rasmi saa nane. Saa saba na robo nilipiga magoti nyuma ya lori ili nipate mikono ile kwa mwanga wa ubavuni, unaofaa sana kwa rangi ya kung'aa. Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Mstari ulikuwepo.

Kwanza nilikereka tu. Nikajisemea, na unywele huu nao. Nikatoa kitambaa mfukoni nikafuta mahali pale, nikapiga tena. Mstari ulikuwepo. Hapo jasho jembamba likaanza kunitoka, maana lori lile lilikuwa limeoshwa mara tatu ndani ya wiki mbili, na unywele haubaki mahali pamoja ukisubiri kupigwa picha.

Nikakimbilia kivulini nyuma ya hema. Kwenye mkoba mdogo nilikuwa na kadi ya kumbukumbu ya siku ile ya karakana, picha zikiwa kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kusafishwa. Nikaitia kwenye kamera ya pili, nikazishika kamera zote mbili kifuani, vioo viwili ubavu kwa ubavu, nikakuza. Mstari wa wiki mbili zilizopita uliishia upana wa kidole kabla ya bolti kubwa. Mstari wa leo ulikuwa umeipita bolti na kuanza kupinda kuelekea juu.

Mistari ya namna hiyo nakutana nayo kila wiki. Mtu anayekimbia sana huja akilalamika kwamba mguu unamuuma, na kwenye mfupa unakuta mstari mwembamba, wa kuchorwa kwa kalamu. Anaambiwa apumzike. Hapumziki. Wiki mbili baadaye anarudi amebebwa. Nilikaa pale nyuma ya hema nikijua kwamba saa nane mdogo wangu atasimama chini ya mkono ule, na kwamba ili nimzuie itanibidi nivunje kiapo na niseme neno lilelile nililokosea mara ya kwanza.

Nilimkuta Nati anamfungia Kinyozi waya wa maikrofoni. Kinyozi ndiye mwimbaji. Ni kinyozi kweli, mwenye kipara kinachong'aa, na Jumamosi huvaa wigi la nywele zinazofika kiunoni.

"Nati, njoo mara moja."

"Sema hapahapa, dada. Nimebanwa."

Safari hii nilijua adabu. Nikamvuta ovaroli mpaka ubavuni mwa lori. "Mkono wa kushoto una ufa," nikamwambia polepole.

Uso wake ulifungwa, naujua namna unavyofungwa. "Tulikubaliana nini?"

"Kwamba napiga picha tu."

"Basi piga picha."

"Nimepiga. Tazama." Nikampa kamera. Jua lilikuwa linawaka juu ya kile kioo kidogo, akakiinamisha huku na huku, akanirudishia.

"Naona jua," akasema. Hata hivyo alikwenda. Alipiga magoti, akapitisha kidole mahali pale mara mbili. "Laini. Hakuna kitu. Ni rangi hiyo, inapumua kwenye joto."

"Una rangi tabaka kumi na mbili hapo. Chuma kinaweza kupasuka na rangi ikanyoosha tu."

"Unanifundisha chuma?" Sauti yake ilishuka, na Nati akishusha sauti ni hatari kuliko akipiga kelele. "Dada, mara ile nilinyamaza. Niliondoka uwanjani watu wakinicheka, nikakata gari langu zima. Leo hapana. Ukitaka tubaki ndugu, leo hapana."

Akaniacha hapo. Sitaficha, nililia kidogo, machozi ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Kisha nikajikaza nikaenda kwa Mkaguzi.

Mkaguzi ni mzee mkimya, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, na huvaa koti hata jua likiwaka. Nilimkuta mezani kwake na lile faili la picha. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akalamba kidole, akafunua kurasa, akatoa picha ya saba na kuigeuza upande wangu.

"Hii hapa, mama. Umeipiga wewe?"

"Ni mimi."

"Nionyeshe huo mstari."

Picha ilikuwa nzuri. Zambarau tupu, bolti inang'aa, hakuna doa. Nimepiga picha nyingi maishani na sijawahi kuichukia picha kama nilivyoichukia ile.

"Niliufuta," nikasema.

Akavua miwani ya puani. "Uliufuta?"

"Nilidhani ni unywele. Picha za magari tunazisafisha, mzee, kila mtu anasafisha. Ya kwanza kabisa ninayo hapa, haijaguswa, na ya leo ninayo. Linganisha."

Alilinganisha. Alitumia kioo chake cha kukuzia juu ya kioo cha kamera, akatoa pumzi puani. "Kwa hiyo nina picha yako moja isiyo na mstari, na picha zako mbili zenye mstari. Mtu anayeweza kufuta mstari anaweza kuuchora. Sikuhukumu. Lakini nikuamini kwa ipi?"

"Amini hizi mbili."

"Miaka miwili iliyopita nilikuamini bila picha yoyote," akasema, "na nikamwaibisha kijana wa watu." Alikuwa hataki kunidhalilisha, nililiona hilo, ila alikuwa ameshatia sahihi na sahihi yake anaipenda. "Nitakuja kutazama mwenyewe. Nimalizie hizi pikipiki mbili."

"Zimebaki dakika kumi!"

"Nitakuja, mama."

Nyuma yangu gitaa likalia na watu wakapiga mayowe. Nati alikuwa ametangulia ratiba. Namjua mdogo wangu: alitaka bendi iwe juu kabla sijamletea Mkaguzi. Nilikimbia, kamera zikinigonga mbavu, nikipita katikati ya watu kwa viwiko, na nilipofika wanne wote walikuwa wameshapanda jukwaani na Nati ameshainama kuingia chini.

Sikuwa na hoja tena. Niliinama nikaingia nyuma yake, nikasimama ubavuni pake, katikati ya ile mikono ya chuma, bega kwa bega. Mahali penyewe ni padogo, panamtosha mtu mmoja.

"Toka," akasema.

"Sitoki. Kama chuma ni kizima, nyanyua."

"Dada, toka."

"Nyanyua! Unasema ni rangi. Nyanyua basi, na mimi nipo hapa."

Mkono wake ulikuwa kwenye mpini. Mishipa ilimsimama shingoni. Juu yetu mbao zililia chini ya miguu ya watu, na Kinyozi alikuwa anauliza kwa maikrofoni kwa nini hatupai, umati mzima ukisikia. Nati hakunyanyua, lakini hakuuachia mpini pia. Tulisimama hivyo, yeye akipumua kwa nguvu puani.

Aliyetuokoa ni mpiga ngoma. Huyo ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa vitendo, na wote tunamwita Mwalimu. Kichwa chake kilitokeza kwenye ukingo wa jukwaa kikiwa kimepinduka, wigi linaning'inia.

"Kuna nini huko chini?"

"Mkono wa kushoto una ufa," nikasema.

"Hauna," akasema Nati.

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nina watoto watatu," akasema. "Nyinyi bishaneni, nikisikia jibu nitapanda." Akashuka. Mpiga gitaa na mwenzake wa besi wakashuka. Kinyozi akabaki peke yake na maikrofoni, kisha naye akaona hakuna sababu ya kuwa shujaa.

Nati alitoka chini ya jukwaa uso umemwiva. Watu walikuwa wanapiga miluzi. Mkaguzi alikuwa amefika sasa, faili kwapani, anauliza imekuwaje. Nati hakumjibu, alinijibu mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma.

"Mnataka ushahidi? Mwalimu, nyinyi na vyombo vyenu ni kilo ngapi?"

"Kama mia tano," akasema Mwalimu.

"Leteni mapipa."

Pembe za mahema zilikuwa zimeshikiliwa na mapipa ya plastiki yenye maji, ya lita mia mbili. Wakayamwaga matatu, wakayapandisha jukwaani badala ya zile ngoma na maspika, wakayajaza upya kwa mpira wa kuoshea magari. Mwalimu alipiga hesabu kwa sauti, akasema mawili na nusu yanatosha. Nati akasema jazeni yote matatu. Kisha akaelekea kwenye mpini wake.

"Hapana," akasema Mkaguzi. Lilikuwa neno lake la kwanza lenye ukali. "Hasimami mtu chini. Funga kamba, au hakuna."

Nati akafunga kamba kwenye mpini, akarudi nyuma hatua kumi na tano, akavuta.

Bibi Harusi akaanza kupanda. Nilisimama pembeni mwa Nati na sikunyanyua kamera. Mita moja. Mafuta yalisukuma polepole, mapipa yakitikisika kidogo, maji yakimwagika ukingoni. Mita mbili. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa kushoto na sikuona kitu ila zambarau inayong'aa. Mita tatu. Mikono ikagota mwisho, jukwaa likatulia juu, mapipa yamesimama wima dhidi ya anga.

Tulingoja. Mkaguzi alitazama saa yake. Dakika moja ikapita, nzima, na ilikuwa ndefu. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, Kinyozi akapiga mluzi wa vidole viwili. Nati akanigeukia. Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka.

"Umeridhika?" akauliza.

Nilikuwa nasikia aibu usoni kama moto, na chini ya aibu, Mungu anisamehe, furaha, kwamba nimekosea tena na mdogo wangu yu mzima. Miezi saba mingine ya kununiwa ningeivumilia.

Nati akaiachia kamba, akaanza kutembea kuelekea lori. Hapo ndipo nilipoelewa. Kamba inavuta, haisukumi. Kunyanyua unavuta mpini, kushusha lazima uusukume, na kuusukuma lazima uingie chini.

"Nati!"

Hakugeuka. Nilimkimbilia nikamdaka mikanda ya ovaroli mgongoni kwa mikono miwili. Kamera moja ikachomoka ikapiga chini, nikasikia lenzi inavunjika. Alijaribu kujikwamua. Nilijilegeza nikawa mzigo, nikakaa chini kabisa huku nimemshika, kama nilivyokuwa nafanya alipokuwa na miaka sita akitaka kukimbilia barabarani. Watu wakaangua kicheko, mwanamke wa miaka arobaini na saba amekaa kwenye vumbi anaburuzwa na mdogo wake.

"Unanitia aibu! Niachie!"

"Sikuachii."

"Dada, kimebeba mapipa matatu! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Sikuachii."

Ilikuwa sauti ndogo. Nilitegemea kishindo, lakini kilichotangulia kilikuwa mlio mfupi, mkavu, wa kijiti kinachovunjwa gotini. Mkono wa kushoto ukakatika kwenye bolti. Jukwaa likainama upande mmoja, likasita kidogo, kisha mapipa yakateleza yote matatu kwa pamoja. La kwanza lilitua juu ya mpini na kuukunja mpaka ardhini. Jukwaa likafuata juu yake. Maji yakaturukia mpaka pale tulipokuwa.

Kicheko kilikoma. Kwa muda hakuna aliyesogea ila maji. Kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja, Mwalimu akakaa chini akijishika kichwa, Kinyozi akavua wigi na kulikumbatia, na Mkaguzi akaja akasimama mbele yangu, akaniinulia kamera yangu iliyovunjika na kunipa kwa mikono miwili.

Watu walianza kunipa mkono. Jicho gani hilo, mama, walisema. Umeokoa watu. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nati hakuwepo kati yao. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope kando ya chuma kilichokatika.

"Njoo," akasema, bila kugeuka.

Nikaenda nikachuchumaa. Aliniwekea kidole kwenye uso wa chuma pale kilipokatikia. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, imeshika kutu kidogo. Iliyobaki ilikuwa ya kijivu, inang'aa.

"Hii nyeusi ni ya zamani," akasema. "Hii ya kung'aa ni ya leo, kuanzia asubuhi. Wiki mbili zilizopita ufa ulifika wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapo ningeuchimba nikauchomelea, nikatia bamba la kuimarisha. Saa mbili. Labda tatu."

"Najua."

"Mkaguzi ameniambia uliufuta, ukidhani ni unywele."

"Ndiyo."

Sasa ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Dada. Wewe hujui unywele?"

Nilikuwa nimemwambia Mkaguzi ni unywele. Nimekwambia hivyo hata wewe unayesoma. Ukweli ni kwamba Jumapili ile nilikuza picha mara tatu. Unywele ukilala juu ya rangi una kivuli chake pembeni, na mstari ule haukuwa na kivuli. Niliinuka mezani, nikachemsha chai, nikarudi, nikautazama tena. Nikamkumbuka anakunywa chai yake amesimama kwa mama, hanitazami. Nikajiambia si kazi yangu, nimeapa, fundi ni yeye. Kisha nikaufuta, na nikatuma zote kumi na mbili kabla chai haijapoa.

"Niliogopa utaninunia tena," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole, akijifuta grisi na matope kwenye ovaroli.

"Ningekununia," akasema. "Ningekununia mwaka mzima. Lakini asubuhi nilisimama chini ya mkono huu mara tatu, dada. Watu wanne juu yangu. Na wewe ulikuwa unanipiga picha."

Nikasema ndiyo, nilikuwa nampiga picha.